Kebo kumi, spika moja na daftari la binti yangu

Waya wa kwanza niliouweka mezani ni ule niliokaa nao miaka tisa: mweupe, mwembamba, uliokuja umekunjwa ndani ya boksi la spika. Nilihesabu nyuzi zake, nikapima kipenyo cha uzi mmoja, nikapata milimita mraba 0.2. Kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika ni mita 6, kwa hiyo umeme husafiri mita 12 za shaba kwenda na kurudi. Ukinzani wake wote, yaani kadiri unavyouzuia umeme, ni omu 1.

Omu 1 kwenye waya wa taa ya mezani haina madhara yoyote. Kwenye spika ni nyingi mno, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ubishi wetu kuhusu kama kebo hubadilisha sauti, wa miaka yote hiyo, ulikuwa ukizunguka mbali na penye uzito.

Nimetengeneza redio na amplifaya kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kila aliyeniuliza habari za kebo nilimjibu vilevile: waya ni waya. Rafiki yangu mmoja, ambaye sikio lake naliheshimu kuliko la fundi yeyote ninayemjua, alikuwa na jibu lake: kila kebo ina sauti yake. Mwishowe alikuja na mfuko, akatoa kebo zake za spika, nene kama kidole gumba, shaba iliyochovywa fedha, akaniambia, "Kaa nazo. Usinijibu leo." Nimekaa nazo wiki sita. Katika muda huo nikazikusanya na nyingine tisa: nyingine za spika, za RCA (zile zenye plagi ya pini moja na pete), za mashine ya santuri, moja ya mwanga na moja ya umeme wa ukutani.

Vyombo nilivyotumia ni amplifaya ya wati 60 kila upande, kicheza CD, mashine ya santuri yenye kichwa cha sindano cha aina ya sumaku inayotikisika, na spika za njia mbili, yaani koni moja ya besi na kuba moja dogo la sauti za juu. Karatasi ya spika inasema impidansi, yaani ukinzani wa spika unaobadilika kulingana na mlio, ni omu 8. Ukiipima hatua kwa hatua utaona kwamba hiyo 8 ni wastani wa kuandikia tu. Kwenye hezi 180, yaani mitetemo 180 kwa sekunde, spika zangu hushuka hadi omu 4. Karibu na hezi 2,500, pale koni inapokabidhi kazi kwa kuba, hupanda hadi omu 20.

Sasa turudi kwenye waya mweupe. Waya na spika hugawana volti za amplifaya kwa kadiri ya ukinzani wa kila mmoja. Pale spika ilipo omu 4, waya wenye omu 1 huchukua sehemu moja ya tano ya volti zote, ambayo ni upungufu wa desibeli 1.9 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Pale spika ilipo omu 20, waya huo huo huchukua desibeli 0.4 tu. Maana yake waya haupunguzi sauti kwa usawa. Unaipunguza zaidi pale kifua cha mwimbaji wa kiume kilipo, na kuiacha karibu nzima pale zilipo herufi zake, midomo yake, na mkwaruzo wa nyuzi za gitaa. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni desibeli 1.5, na hiyo sikio huisikia.

Jambo lililonishangaza ni jinsi inavyosikika. Waya mwembamba hausikiki mbovu. Unasikika msafi. Miaka tisa watu wameketi kwenye kiti changu wakasema, "Spika zako zina sauti safi," nami nikakubali sifa hiyo. Siku nilipofunga waya wa milimita mraba 2.5 kwa mara ya kwanza, nilihisi kama mwimbaji amerudi nyuma hatua moja na kuna kitu kizito kimewekwa mbele yake. Nilikaribia kuurudisha wa zamani. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba uzito ule ni mwili wa sauti yenyewe, ambao nilikuwa nimeukosa muda wote. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba kebo fulani "imefungua" sauti yake, swali langu la kwanza ni ukinzani wake. Huenda imefungua, na huenda imekata.

Hata hivyo sikutaka kuandika kwa kutegemea hisia. Sikio linalojua linachosikiliza huamua kabla muziki haujaanza, na hilo nimeliona kwenye benchi mara nyingi: mteja anasema "sasa imekaa sawa" wakati nimefungua kifuniko tu. Kwa hiyo nilitengeneza kisanduku chenye swichi ya njia mbili, nikakiweka upande wa spika nyuma ya pazia, nikaunganisha kebo mbili kwa wakati mmoja. Nilihakikisha swichi yenyewe haina hata omu 0.01. Nilisikiliza spika moja tu, kwa sababu spika mbili hujenga jukwaa la kubuni katikati yake na sikio hupotea humo. Binti yangu alikaa nyuma ya pazia na sarafu, kalamu na daftari.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza nasikiliza kebo ya kwanza na ya pili nikijua ipi ni ipi, kwa muda ninaoutaka. Kisha anarusha sarafu, anageuza swichi anakotakiwa, anasema, "Baba, tayari," nami nasema ni ipi. Anaandika bila kunijibu. Mara 16 kwa kila jaribio. Anayebahatisha tu anaweza kupata 12 au zaidi kati ya 16, lakini hutokea mara 4 hivi katika kila 100, kwa hiyo 12 ndiyo niliyoiweka kuwa mpaka. Nguvu ya sauti nililinganisha kwa mlio wa hezi 1,000 na voltimita kwenye vichwa vya spika, hadi tofauti ikawa chini ya desibeli 0.1. Hapa sitaki mtu apite haraka. Sauti iliyozidi kidogo sana haisikiki kama kubwa zaidi; husikika kama nzuri zaidi. Ulinganisho wowote wa kebo ambao haukusawazisha nguvu ya sauti umepima kidole kilichogusa kidhibiti sauti.

Waya mweupe dhidi ya shaba ya milimita mraba 2.5: nilipata 15 kati ya 16. Lile moja nililokosa lilikuwa la mwisho, na nilikuwa nimechoka.

Kisha zikaja kebo za rafiki yangu dhidi ya shaba ile ile ya 2.5. Kabla ya pazia, nikiziona kwa macho, nilikuwa nimeziandikia ukurasa mzima: sauti za juu zina nafasi, besi inasimama imara, mwangwi wa chumba alimorekodiwa mwimbaji unaonekana hadi pembe zake. Sikuandika uongo. Nilisikia hivyo. Nyuma ya pazia nilipata 9 kati ya 16. Nilidhani usiku ule sikio langu lilikuwa zito, tukarudia siku mbili baadaye, nikapata 7. Jumla 16 kati ya 32, nusu kwa nusu, sawasawa na sarafu.

Nilipima ili nijue kwa nini. Multimita ya kawaida haisomi vizuri chini ya omu 1, kwa hiyo nilipitisha mkondo wa ampea 1 kwenye kila kebo na kusoma milivolti kati ya ncha zake. Shaba ya kawaida: milivolti 83, yaani omu 0.083. Kebo ya rafiki yangu, ambayo ina milimita mraba 4: milivolti 50. Ni bora, na fedha si sababu kubwa. Fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa takriban asilimia 6, na hapa ni ngozi nyembamba tu juu ya shaba. Sababu ni unene. Lakini hata kwenye omu 4, pale spika yangu inapohitaji zaidi, tofauti ya kebo hizi mbili haifiki desibeli 0.1. Ukisogeza kichwa chako sentimita chache kwenye kiti, unabadilisha zaidi ya hapo: wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4, na mwangwi wa ukuta huongeza au kufuta kadiri sikio lilipo. Ukurasa wangu wa sifa niliuandika nikiwa nimeinamia mbele, makini, nikisikiliza rekodi ninayoijua kama sijaisikia kamwe. Nafasi na pembe zile zilikuwa kwenye rekodi siku zote.

Kebo ya nne ya spika ndiyo iliyonikera. Ilikuwa imeandikwa 2.5 ubavuni, rangi ya shaba inang'aa kupitia plastiki angavu, nyepesi mkononi. Wepesi wake ndio ulionitia shaka. Ilisoma milivolti 130 pale nilipotarajia 83. Nilikwangua uzi mmoja kwa kisu, ndani ukawa mweupe: alumini iliyovishwa shaba. Kwenye kifungashio hakuna neno alumini popote. Sasa nitakuwa mkweli kwa upande wa pili: nyuma ya pazia sikuweza kuitofautisha na shaba halisi. Omu 0.13 bado ni kidogo kwa spika zangu. Kosa lake si sauti ya leo. Alumini hushika tabaka la oksidi ambalo halipitishi umeme vizuri, nyuzi zake hukatika zikikazwa kwa skrubu mara mbili tatu, na kiungo kinacholegea huanza kukwaruza baada ya miezi. Zaidi ya hayo, mnunuzi ameambiwa anapewa kitu ambacho hakupewa. Kwa umbali wa mita 2 na kwa jina lake halisi, ningeikubali. Hivi ilivyo, naikataa.

Watu huniuliza kama waya wa kushoto na wa kulia lazima uwe na urefu sawa. Ikiwa mmoja umezidi mwenzake kwa mita 3, ishara yake huchelewa kwa takriban sehemu 15 za bilioni za sekunde moja, tuseme nanosekunde 15. Katika muda huo sauti hewani husogea milimita 0.005. Kata waya unavyohitaji nyumba yako.

Kwa RCA nilikuwa na jozi mbili: ile nyembamba iliyokuja na kicheza CD, na nyingine nene yenye ngao mbili (ngao ni tabaka la nyuzi linalozunguka waya wa ndani) na plagi zilizochovywa dhahabu. Plagi hii ina jina la Radio Corporation of America, kampuni iliyoianzisha miaka ya 1930, na kasoro yake ya kuzaliwa ni kwamba pini ya katikati hugusa kabla ya pete ya nje, ndiyo maana ukiichomeka amplifaya ikiwa inawaka unapata ngurumo. Kati ya kicheza CD na amplifaya, kebo ya mita 1 haina kazi ngumu. CD hutoa volti 2, ishara nzito. Kebo nyingi za aina hii zina pikofaradi 50 hadi 150 kwa mita, kipimo cha kapasitansi, yaani ile tabia ya kebo kushika chaji kidogo kati ya waya wa ndani na ngao. Kwa kicheza CD changu, ambacho ukinzani wake wa kutolea ni omu 200, sauti ingeanza kupungua kwenye mamilioni ya hezi, mbali kabisa na hezi 20,000 ambako sikio la kijana huishia. Matokeo nyuma ya pazia: 8 kati ya 16.

Dhahabu ya plagi ina sifa moja ya kweli: haishiki kutu. Katika kupitisha umeme, dhahabu ni duni kuliko shaba. Nilichojifunza kuhusu plagi ni kuziangalia jinsi zinavyoshika. Ile nene ilikuwa imebana kiasi kwamba nilipoivuta ilitoka na pete ya soketi ya amplifaya yangu, nikalazimika kufungua kifuniko na kulehemu upya. Ile nyembamba ilikuwa imelegea, ukigusa meza inakwaruza. Niliibana pete yake kidogo kwa koleo, ikatulia, na hiyo ndiyo iliyobaki kwenye mashine.

Mvumo ni habari nyingine. Niliunganisha televisheni na amplifaya kwa kebo nene ya RCA, na papo hapo chumba kikajaa ule mlio wa chini usiokoma, wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali ulipo. Nikabadilisha na kebo nyembamba, mvumo uleule. Ngao mbili hazikusaidia kitu, kwa sababu mvumo haukuwa ukiingia kutoka hewani. Televisheni ilikuwa imefungwa kwenye ardhi kupitia kebo ya antena, amplifaya nayo imefungwa kwenye ardhi kupitia plagi ya umeme, na ngao ya RCA ikawa daraja kati yao. Mkondo mdogo ukazunguka humo. Na kwenye RCA, ngao hiyo hiyo ndiyo njia ya muziki kurudi, kwa hiyo mvumo na muziki hupita mlango mmoja. Kebo za XLR zenye pini tatu, zile za studio, huepuka hilo kwa kubeba ishara mara mbili, moja imepinduliwa, na chombo kinachopokea huchukua tofauti yake. Kilichoingia sawa kwenye nyaya zote mbili hufutika. Amplifaya yangu haina soketi hizo.

Dawa ilikuwa kebo ya mwanga, uzi wa plastiki mwembamba wenye taa nyekundu mwishoni, aina ya Toslink ambayo Toshiba waliileta mwaka 1983. Mwanga haupitishi umeme. Niliitoa RCA, nikaweka hii pamoja na kisanduku kidogo cha kugeuza namba kuwa sauti, mvumo ukafa. Kati ya kebo zote kumi, hii ndiyo iliyoleta badiliko ambalo kila mtu nyumbani alilisikia bila kuambiwa. Lilitokana na kitu ambacho haina: shaba. Naomba pia mtu yeyote mwenye mvumo kama huu asikate pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuutoa, hata akiambiwa na nani. Pini hiyo iko pale ili siku transfoma ikiharibika, umeme usiende kwenye kifuniko unachokishika.

Kuhusu kama kebo moja ya mwanga au ya USB ina "besi nzuri" kuliko nyingine, sitakaa hapo. CD hubeba muziki kama namba: sampuli 44,100 kwa sekunde, za biti 16, njia mbili. Biti zikifika, zimefika. Zikipotea utasikia mlipuko au kimya, hutasikia besi imepungua. Waya wa umeme wa ukutani nao niliujaribu, mnene, umesukwa kama mkia wa farasi. Sikusikia kitu, na sikutarajia, kwa kuwa nyuma yake kuna makumi ya mita za waya wa kawaida ukutani, na mbele yake kuna transfoma na kapasita kubwa ambazo kazi yake ni kusafisha umeme huo.

Nimeacha mashine ya santuri mwisho kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Kichwa cha sindano hutoa takriban milivolti 5. Ni ishara ndogo mara 400 kuliko ya CD. Na ndani yake kuna koili ya waya mwembamba sana, yenye mizunguko mingi. Cha kwangu kina milihenri 500, kipimo cha koili. Koili ya namna hiyo ikikutana na kapasitansi ya kebo huunda mlio wake wenyewe. Fundi yeyote wa redio anaijua sakiti hii. Ndiyo tunayotafutia stesheni. Huku, kebo ndiyo inayochagua mlio uwe wapi.

Kebo niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri kwa macho, ndefu ya mita 1.5, laini. Niliipima: pikofaradi 330. Nikajumlisha 100 za soketi ya amplifaya na 20 za waya wa ndani ya mkono wa sindano, jumla 450. Mtengenezaji wa kichwa cha sindano anataka kati ya 150 na 200. Kwa 450, mlio wa sakiti unaangukia hezi 10,600, katikati kabisa ya "s" za mwimbaji na upatu wa mpiga ngoma. Juu ya hapo sauti inaporomoka. Ndiyo maana santuri zangu zilikuwa na ukali na giza kwa pamoja, jambo ambalo sikuwahi kulielewa: "s" zinachoma, na bado hakuna hewa. Nilikuwa nimebadilisha sindano mara mbili kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimelaumu santuri zenyewe.

Kebo mpya ni ya mita 1, nyepesi, ya pikofaradi 65. Jumla ikawa 185, mlio ukasogea hadi hezi 16,500. Niliweka santuri ya mwanamke anayeimba na piano peke yake. "S" yake ya kwanza ilipita kama pumzi. Nilinyanyua sindano nikairudisha mwanzo. Upatu wa mpiga ngoma katika santuri nyingine, ambao kwa miaka ulikuwa kama karatasi inayochanwa, ulipata umbo la duara, ukasikika ukigongwa, ukitetemeka, ukififia. Nyuma ya pazia, na binti yangu akibadilisha plagi kwa mkono, nilipata 16 kati ya 16.

Hapo ningeweza kuandika kwamba kebo mpya ni bora na kuishia hapo. Rafiki yangu angefurahi. Lakini nilitaka kujua kama ni ufundi wa kebo au ni ile namba tu. Nilichukua kapasita mbili za pikofaradi 270, ndogo kuliko kucha, nikazilehemu ndani ya plagi za kebo mpya, moja kwenye njia ya kushoto na moja kwenye ya kulia. Sasa kebo mpya ina pikofaradi 335, karibu sawa na ya zamani. "S" zikarudi kuchoma. Tukazilinganisha mbili hizo nyuma ya pazia, ya zamani na mpya yenye kapasita, nikapata 7 kati ya 16. Kebo mbili za viwanda viwili, shaba tofauti, plagi tofauti, unene tofauti, na sikio langu halikuona mpaka kati yake mara tu namba hiyo iliposawazishwa. Nikazitoa kapasita, uzuri ukarudi.

Kwa hiyo kebo ina sauti? Kwenye santuri, ndiyo, na kubwa, na inaandikika kwa namba moja ambayo wauzaji wachache huiweka kwenye boksi. Kwenye spika, ndiyo, hadi waya ufike unene unaotosha umbali wako, kisha inanyamaza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikofaradi 65 haijawahi kujitembeza mbele yangu. Nilichotembezewa ni dhahabu, usafi wa shaba wenye tisa nyingi (asilimia 99.99 na kuendelea), na madai kwamba kebo inahitaji saa 200 za kucheza ili iive. Hilo la mwisho nililipima pia: nilicheza shaba ya 2.5 saa hizo zote na kipande cha bunda lilelile kilichokaa kwenye mfuko. Milivolti zilezile. Kinachoiva katika saa 200 ni mazoea ya sikio, kama yalivyoiva yangu kwa waya mweupe kwa miaka tisa.

Rafiki yangu alikuja kuchukua kebo zake. Nilimwonyesha daftari lote bila kuficha ukurasa wangu wa sifa. Alikaa kwenye kiti, binti yangu akaenda nyuma ya pazia, akamwambia kwa heshima, "Baba mdogo, tayari." Alipata 8. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kebo zake atabaki nazo, maana zimetengenezwa vizuri, hazikatiki, na anapenda kuziona. Sikuwa na neno juu ya hilo. Ni kebo imara kuliko zangu, na zina omu chache kuliko zangu.

Kisha nikamwekea santuri ya yule mwanamke na piano, kwanza na kebo ya zamani, halafu na mpya. Kwenye "s" ya kwanza aligeuza kichwa. Aliniuliza pikofaradi za kebo yake mwenyewe nyumbani ni ngapi, nikamwambia sijui, na yeye hajui. Aliondoka na kebo zake za fedha kwenye mfuko, na mita yangu ya kupimia kapasita mkononi.